Kuvu za kikombe chini ya hadubini: dalili, chanzo na la kufanya

Kuvu za kikombe zenye upana wa nusu milimita hadi milimita tatu hudanganya macho. Kidoti cheupe chenye manyoya juu ya kijiti kilichooza kinaweza kuwa Lachnum, kinaweza kuwa Hyaloscypha, na kinaweza kuwa kitu kingine kabisa kilichojivika umbo la kikombe. Jina liko ndani, na njia ya kuingia ndani ina mitego ileile inayonasa watu kila siku. Mwongozo huu unaanzia pale ulipokwama: unachokiona, kinachokisababisha, na la kufanya.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Uso wa juu wa kikombe huitwa himenia. Humo vifuko virefu vya spora (chembe za uzazi za kuvu) vimesimama wima, ubavu kwa ubavu, kama chupa za soda kwenye kreti. Kila kifuko kwa kawaida kina spora nane. Kati ya vifuko zimejipenyeza nyuzi tasa ziitwazo parafisi. Chini na pembeni kuna ganda la kikombe, mara nyingi lenye nywele. Karibu kila swali utakaloulizwa na ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali unaokufikisha kwenye jina, linahusu kimojawapo kati ya vitu hivyo vinne: kifuko, spora, parafisi, ganda.

Halafu kuna kanuni ambayo sehemu kubwa ya yanayofuata inaiegemea: maji kwanza, dawa baadaye. Kipande cha kwanza kitazamwe kikiwa hai, ndani ya maji matupu. KOH (potasi haidroksaidi), iodini, asidi ya laktiki na pombe huua seli papo hapo, na zipo sifa zinazokufa pamoja nazo wala hazirudi.

Unaona uji tu, hakuna kifuko kinachosomeka

Chanzo karibu kila mara ni unene. Kikombe kizima cha milimita moja kikibanwa chini ya kioo, mwanga haupiti. Kiloweshe kwa dakika tano hadi kumi, kisha ukikate kwa wembe mpya kupitia katikati, kuanzia uso wa juu hadi kwenye shina. Wembe uliovunjwa vipande viwili kwa urefu, ukiwa bado kwenye karatasi yake, hushikika vizuri zaidi. Kata vipande vitano au sita mfululizo, uchague kilicho chembamba kuliko vyote. Viwili vya kwanza huwa vya kujaribia mkono tu.

Weka kipande kwenye tone dogo la maji, ukifunike kwa kioo cha unene wa 0.17 mm, halafu ugonge taratibu kwa kifutio cha penseli. Usisugue, maana vifuko vitapinda na kukatika. Maji yakizidi kioo kitaelea na lenzi ya 40 itatoa picha yenye ukungu. Nyonya maji kwa ncha ya tishu pembeni. Na ukiona vifuko vyote vimekatika nusu, huku vipande vyekundu au vyeusi vya ganda vikichanganyika navyo, basi wembe ulipita mshazari. Rudia.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo: spora zote zina kingo mbili au tatu zinazong'aa. Kabla ya kuandika "ukuta mnene", angalia kiwambo cha mwanga kilicho chini ya meza ya hadubini. Kikifungwa sana hutengeneza kingo za uongo. Kifungue hadi robo tatu hivi, ukifunge kidogo tu unapotafuta kuta za ndani zisizo na rangi.

Vifuko vipo, spora hazipo

Kikombe ni kichanga au kimezeeka. Kichanga kina vifuko vilivyojaa rojorojo yenye chembechembe. Kilichozeeka kina vifuko vitupu vilivyosinyaa, vilivyopasuka nchani. Kichanga unaweza kukisubiri: kifungie kwenye kisanduku chenye tishu mbichi kwa siku moja au mbili, mahali penye mwanga bila jua kali. Kwa kilichozeeka tafuta mwenzake jirani. Vikombe vya kundi moja haviivi pamoja, kwa hiyo kusanya kumi badala ya kimoja.

Njia bora ya kupata spora zilizokomaa ni kuviacha vifuko vizirushe vyenyewe. Bandika kikombe kwa tone la vaselini ndani ya kifuniko cha sahani ya petri, uso ukitazama chini, uweke slaidi milimita tatu hadi tano chini yake. Iache usiku kucha.

Vipimo vyako havilingani na vya kitabuni

Anza na rula. Mistari iliyo ndani ya lenzi ya jicho haina thamani yoyote mpaka ipimwe kwa slaidi ya vipimo, ile yenye milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila sehemu ikiwa 10 µm. Kama kwa lenzi ya 40 mistari 40 ya jicho inalingana na sehemu 10 za slaidi, yaani 100 µm, basi mstari mmoja ni 2.5 µm. Kila lenzi hupimwa peke yake. Kosa la kutumia thamani ya lenzi ya 40 ukiwa kwenye lenzi ya mafuta ya 100 hukuza spora mara mbili na nusu, na ni rahisi kuligundua: namba zako zote zimezidi kwa uwiano uleule.

Rula ikiwa sawa, tazama ulichopima. Spora zilizo ndani ya kifuko huenda hazijakomaa. Pima zilizorushwa, 20 hadi 30, bila kuchagua kubwa au nzuri. Usihesabu vinundu wala kamasi ya nje. Andika urefu na upana wa kila spora kwa jozi ili upate uwiano wake. Safu mbili za namba zisizounganishwa hazitakupa uwiano huo baadaye.

Kwa vifuko, jambo kubwa ni uhai. Kifuko hai kilichokomaa kimejaa maji na kimetanuka. Kikifa hunywea kwa upana na kwa urefu kiasi cha kukupeleka kwenye spishi nyingine. Spora hubadilika kidogo tu. Hans-Otto Baral wa Ujerumani aliandika kwa kirefu mwaka 1992 juu ya tofauti hii kati ya kuvu hai na ile iliyokaa kabatini, na tangu hapo maelezo mazuri ya spishi huonyesha kama kipimo ni cha seli hai au iliyokufa. Maelezo ya zamani mengi hayasemi. Ukiona vifuko vyako ni vipana kuliko vya kitabu huku spora zinalingana, yaelekea mwandishi alipima sampuli kavu.

Spora zenye ukuta wa kati nazo huleta mabishano. Spora ya Calycina citrina, ile ya manjano iliyozoeleka kwa jina la Bisporella citrina, hupata ukuta wake mmoja ikiwa imeshakomaa. Ukitazama changa tu utaandika "hazina ukuta". Kinyume chake pia hutokea: spora zilizolala kwenye himenia kwa siku kadhaa huongeza kuta na hata kugeuka kahawia, ilhali zilizotoka jana hazina. Andika hali zote mbili, kila moja na mahali ulipoiona.

Iodini haionyeshi kitu

Hapa ndipo majina mengi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Kinachotafutwa ni rangi kwenye ukuta wa kifuko. Katika oda ya Helotiales, yenye Lachnum na Hyaloscypha, tazama ncha: pete ndogo iliyomo hugeuka buluu, na kwa kuwa unaitazama kwa ubavu, utaona vidoti viwili au vistari viwili vidogo. Katika Peziza na Ascobolus ukuta wenyewe hugeuka buluu, wa Peziza ukikolea zaidi nchani. Tumia lenzi ya mafuta. Pete yenye upana wa mikromita moja au mbili haitaonekana kwa lenzi ya 10 hata dawa ifanye kazi vipi.

Usipoona kitu, uliza kwanza umetumia iodini ipi. Dawa ya Melzer ina gramu 1.5 za iodini, gramu 5 za potasi iodaidi, gramu 100 za klorali haidreti na mililita 100 za maji. Klorali hiyo huzuia aina moja ya mwitikio: vifuko ambavyo kwa Lugol (iodini na potasi iodaidi ndani ya maji, bila klorali) hugeuka vyekundu, kwa Melzer hubaki bila rangi. Baral alilionyesha hili mwaka 1987. Mtu mwenye Melzer peke yake huandika "hapana" kwa dhamiri safi, na ufunguo unamtupa mbali. Isitoshe klorali haidreti ni dawa ya usingizi inayodhibitiwa, kuipata ni shughuli. Lugol ni bora na ni rahisi.

Itengeneze hivi: yeyusha gramu 3 za potasi iodaidi katika maji mililita 10, ongeza gramu 1 ya iodini, koroga hadi chembe zote ziishe, kisha jaza maji hadi mililita 100. Ukianza na iodini ndani ya maji matupu, itakaa chini kama mchanga na utabaki na maji yenye rangi ya chai. Hifadhi kwenye chupa nyeusi. Iodini ya Gram inayotumika katika maabara za hospitali ina gramu 1 kwa mililita 300, yaani ni dhaifu mara tatu; itakuonyesha buluu, lakini nyekundu inaweza kukukimbia. Iodini ya vidonda inayouzwa dukani usiitumie.

Nyekundu inahitaji maelezo. Vipo vifuko vinavyogeuka buluu Lugol ikiwa hafifu na vyekundu ikiwa nzito. Ndiyo maana dawa huwekwa pembeni mwa kioo na kuvutwa kwa tishu upande wa pili huku jicho likiwa kwenye lenzi: wimbi likipita unaiona buluu ikitokea, kisha ikibadilika. Vipo vingine vinavyobaki vyekundu katika kiwango chochote. Vyote hivyo hugeuka buluu vikiloweshwa kwanza kwenye KOH. Kwa hiyo jaribio kamili lina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni Lugol moja kwa moja. Kipande cha pili ni KOH asilimia 5 kwa dakika moja au mbili, osha kwa maji mara mbili au tatu, ndipo Lugol. Buluu pande zote mbili ni mwitikio wa kawaida. Nyekundu halafu buluu ni ule wa aina ya pili. Kimya pande zote ni hasi kweli.

Usiruke kuosha. KOH huimeza iodini: kahawia ya dawa hupotea mbele ya macho yako na kipande kinabaki cheupe. Ukiona Lugol imepauka ikigusa kipande, hilo si jibu, ni KOH iliyobaki. KOH ya asilimia 10 wanayotumia maabara kuchunguza ugonjwa wa mashilingi kwenye ngozi inafaa. Ichanganye nusu kwa nusu na maji. Inaunguza ngozi na macho, na ikimwagikia lenzi ifute mara moja.

Mwisho, tazama vifuko vya rika tofauti. Kichanga sana kinaweza kuwa bado hakina pete inayopokea rangi, na kilichokwisha kurusha kimeharibika ncha. Kimoja hakitoshi kutoa hukumu.

Parafisi ni nyuzi tupu, na kitabu kinasema zimejaa

Umechelewa, au umeanza na dawa. Katika Hymenoscyphus na Mollisia parafisi hai zina vakuoli (vijifuko vya majimaji ndani ya seli) zinazong'aa kama kioo, na sifa hiyo hutoweka seli ikifa. Katika Orbilia kuna kitu kama hicho ndani ya spora yenyewe: kijitu kidogo kinachong'aa, chenye umbo la tone au uzi, ambacho ndicho msingi wa kutenganisha spishi. Kwenye KOH kinapotea. Vivyo hivyo matone ya mafuta ndani ya spora: yachore kwenye maji, idadi na ukubwa, kwa sababu kwenye dawa huungana na kuwa tone moja kubwa lisilo na maana.

Mollisia ina mtego wa peke yake. Baadhi ya spishi zake hutoa rangi ya manjano KOH inapofika kwenye parafisi, na rangi hiyo ni ya muda mfupi. Ukidondosha KOH, ukaweka kioo, ukatafuta mahali, imeshasambaa. Vuta dawa kwa tishu ukiwa unatazama.

Sampuli kavu isikukatishe tamaa mapema. Kuvu nyingi za matawi yaliyokaukia juu ya mti huvumilia ukavu, na kikombe kilichokaa wiki kadhaa kwenye bahasha kinaweza kuwa na vifuko hai ukikilowesha. Zile laini za udongoni hufa upesi. Hizo zitazame siku hiyohiyo.

Chini ya kifuko huelewi unachokiona

Swali ni kama kifuko kinaanzia kwenye ndoano, yaani kitanzi kidogo kilichojikunja, au kwenye ukuta wa kawaida. Ni kazi ya lenzi ya mafuta. Tenganisha vifuko kwa sindano mbili kwenye KOH, ongeza rangi nyekundu ya Congo, gonga kioo, tafuta kifuko kilichotoka kizima na mguu wake. Vikaguliwe angalau vifuko kumi. Vingine vitaonyesha kitundu kati ya mguu na kitanzi, na hapo shaka inakwisha.

Si sifa ya kupuuza. Huko Ulaya, Hymenoscyphus fraxineus inaua miti ya Fraxinus (ash kwa Kiingereza), na ndugu yake H. albidus huishi kwa amani kwenye vikonyo vya majani ya mti huohuo yaliyoanguka. Vikombe vyao ni vyeupe, vinafanana kwa umbo, na spora zao hazisaidii sana. H. fraxineus ina ndoano, H. albidus haina.

Nywele na ganda havieleweki

Nywele za Lachnum zina chembechembe ngumu juu yake na kuta za ndani, na parafisi zake zina ncha kama mkuki zikivipita vifuko kwa urefu. Nywele za Hyaloscypha ni laini, zimechongoka, na parafisi ni nyembamba za kawaida. Ukiona nywele laini kwenye kitu ulichodhani ni Lachnum, hakikisha unatazama nywele ya ukingoni iliyokomaa, si ya chini kwenye shina. Fuwele zikiwepo, chora zilivyo kwenye maji. Utomvu wenye rangi mara nyingi huyeyuka kwenye KOH na Melzer, fuwele za oksalati haziyeyuki kwenye KOH.

Mpangilio wa seli za ganda, duara au kama matofali marefu, husomwa ubavuni, katikati ya ukingo na shina. Ukisoma ukingoni kabisa utapata jibu jingine.

Kwa Scutellinia, yenye kope nyeusi, nakshi za spora ndizo zinazoamua. Tumia rangi iitwayo kotoni bluu ndani ya asidi ya laktiki, pasha slaidi moto kidogo bila kuchemsha. Spora laini kabisa maana yake karibu kila mara ni changa.

Hakuna kifuko hata kimoja

Labda si kuvu ya kikombe. Lachnella, Calyptella na Henningsomyces zina vikombe na vijimirija vidogo vyeupe, lakini ni ndugu wa uyoga: badala ya vifuko zina basidia, rungu fupi zenye pembe nne kwa kawaida, spora zikikaa nje kwenye pembe. Kikombe chenye unga mweusi usio na himenia ni ukungu-ute. Na kikombe chenye seli za kijani za mwani kwenye ganda ni laikeni; katika misitu yenye joto na unyevu Coenogonium, yenye visahani vya manjano au vya machungwa, huwanasa wengi.

Vikombe vilivyoota kwenye kinyesi

Hii ndiyo shule nzuri kwa anayeanza Afrika Mashariki, maana mavi ya ng'ombe, mbuzi, punda au tembo hayakosekani. Yaweke kwenye bakuli lenye mfuniko unaopitisha mwanga, juu ya tishu zenye unyevu usiotiririka. Wiki ya kwanza ni ya Pilobolus na jamaa zake, kuvu zisizo na vikombe. Vikombe huja wiki ya pili na kuendelea. Maji yakisimama utavuna minyoo tu.

Vidoti vyeusi juu ya kikombe cha Ascobolus si uchafu: ni ncha za vifuko vilivyoiva vilivyochomoza. Spora zake huanza bila rangi, huwa zambarau, kisha kahawia, na tabaka la rangi linalofunika kila spora hupasuka mistari. Saccobolus ina rangi hizo pia, ila spora nane zimeshikana furushi moja. Spora zisizo na rangi kabisa kwenye kikombe kilichoiva zinakupeleka kwingine: nywele ndefu zisizo na kuta za ndani ni Lasiobolus, nywele zenye kuta ni Cheilymenia, bila nywele na vifuko vikiwa buluu kwa iodini ni Iodophanus, bila nywele na bila buluu ni Coprotus. Kama kifuko kina spora zisizohesabika, soma Thelebolus.

Hapa pia ndipo pa kujifunza kifuniko cha kifuko. Tafuta kifuko kitupu, kitie rangi ya Congo: kwenye kundi la Pezizales, lenye Peziza na Ascobolus, utaona kifuniko kimeinuka nchani kama cha kopo. Helotiales hufungukia kwenye tundu dogo. Kifuko kilichojaa hakikuonyeshi lolote kati ya hayo.

Sifa zote ziko wazi, jina halipatikani

Funguo nyingi zilizopo zimeandikwa kwa kuvu za Ulaya. Sampuli kutoka Usambara au Kakamega itapelekwa kwa nguvu kwenye jina la Ulaya lililo karibu, hata kama spora zimezidi kwa 3 µm na mti si wenyewe. Tofauti ndogo zikiwa mbili au tatu kwa pamoja, ishia kwenye jenasi: "Lachnum sp." ni jibu halali. Tafuta jina la mti au mmea uliobeba kikombe kabla ya kurudi kwenye ufunguo, kwa kuwa spishi nyingi zimefungwa kwa mmea wao.

Kausha kilichobaki kwa hewa inayopita au kwa joto lisilozidi nyuzi 40, pamoja na kipande cha kijiti. Kwenye bahasha andika tarehe, mahali, mwinuko, mmea, rangi kilipokuwa kibichi, na mbele ya kila kipimo neno "hai" au "kavu".